Kumaliza Mkopo wa Nyumba Mapema: Maswali ya Wanaonunua Nyumba ya Kwanza Kenya

Mikopo ya nyumba katika benki zote za Kenya ni kama elfu 30 hivi, kwa hiyo wengi wanaochukua wa kwanza hawana mzazi wala jirani wa kumwuliza. Majibu haya ni kwa ajili yao. Ili hesabu zisivuruge mtu, tutashika mfano mmoja tu: mkopo wa shilingi milioni 5, riba ya asilimia 14 kwa mwaka, muda wa miaka 20. Rejesho lake ni shilingi 62,176 kila mwezi.

Nimelipa miaka miwili bila kukosa hata mwezi mmoja. Mbona deni ni kama halijaguswa?

Kwa sababu kweli halijaguswa sana. Riba hukokotolewa kila mwezi juu ya deni lililobaki, na mwezi wa kwanza deni ni lote. Kwenye mfano wetu, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 58,333. Ukilipa 62,176, kinachobaki kupunguza deni la msingi ni 3,843. Baada ya miaka miwili utakuwa umetoa karibu shilingi milioni 1.49, na deni litakuwa limeshuka kutoka milioni 5 hadi kama milioni 4.89. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo mkopo wa muda mrefu wenye riba ya juu unavyofanya kazi.

Ni mpaka mwisho wa mwaka wa 15 ndipo nusu ya rejesho lako inapoanza kwenda kwenye deni lenyewe. Ukifuata ratiba hadi siku ya mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 14.9 kwa nyumba uliyokopea milioni 5. Omba benki ikuchapishie jedwali lote la marejesho kabla ya kutia sahihi, ulisome safu kwa safu. Maafisa wa mikopo wengi hupenda kuongea juu ya rejesho la mwezi tu, na mnunuzi naye huuliza hilo hilo tu.

Nikiongeza kidogo kila mwezi, kuna tofauti yoyote?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza shilingi 5,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo wa miaka 20 unaisha kwa miaka 14 na miezi 7, na unaokoa riba ya karibu milioni 3.2. Ukiongeza 10,000, unaisha kabla ya kutimiza miaka 12, na unaokoa zaidi ya milioni 4.6.

Siri iko kwenye wakati. Chukua shilingi 500,000 ulizopata kwa kuuza shamba au kwa bonasi. Ukiziingiza mwishoni mwa mwaka wa pili na kuendelea na rejesho lile lile, utaokoa riba ya kama milioni 3.6. Ukiziingiza mwishoni mwa mwaka wa 15, utaokoa kama 424,000. Pesa ni zile zile, benki ni ile ile. Ndiyo maana mpango wa "nitalipa kwa nguvu watoto wakimaliza shule" haunishawishi sana. Kwenye mkopo huu, elfu tano ya mwaka wa kwanza inapiga kazi kuliko elfu ishirini ya mwaka wa 15.

Nikileta pesa ya ziada, benki inaniuliza: tupunguze muda au tupunguze rejesho? Nichague nini?

Hili ndilo swali linaloamua kama umefanya jambo au hujafanya, na mara nyingi huulizwa haraka haraka kaunta, au haliulizwi kabisa. Turudi kwenye 500,000 za mwaka wa pili.

Ukisema "punguza muda", unaendelea kulipa 62,176 kama kawaida, lakini badala ya miezi 216 iliyobaki, unabaki na 150. Miaka mitano na nusu imeondoka, na riba uliyookoa ni ile milioni 3.6.

Ukisema "punguza rejesho", unalipa kama 55,824 kwa mwezi, yaani nafuu ya shilingi 6,352, na tarehe ya mwisho inabaki pale pale. Riba uliyookoa ni kama 870,000.

Kama lengo ni kumaliza mapema, jibu ni kupunguza muda. Kupunguza rejesho kuna mahali pake: mtu aliyepunguziwa mshahara, au aliyepata mtoto na mke au mume ameacha kazi kwa muda. Ikiwa unasitasita, kuna njia ya katikati ninayoipenda: punguza rejesho kwenye karatasi, kisha endelea kulipa kiasi cha zamani kwa hiari. Mwezi mbaya ukija, unarudi kwenye rejesho dogo bila kumpigia mtu magoti. Sharti ni kwamba mkataba wako uwe unaruhusu malipo ya ziada ya mara kwa mara bila ada.

Benki inaweza kunikataza kumaliza mapema, au kunitoza faini kubwa?

Kukukataza haiwezi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 85, inampa aliyeweka ardhi rehani haki ya kuondoa rehani hiyo akishalipa deni lote, na sharti lolote la mkataba linalomnyang'anya haki hiyo ni batili. Kifungu hicho hicho kinamruhusu mkopeshaji kuweka sharti la kutoa notisi ya mwezi mmoja, au la kulipa riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo ukiona kwenye barua ya ofa ada ya kumaliza mapema inayopita kiasi hicho, mwonyeshe wakili wako kabla ya kutia sahihi, si baada.

Lakini angalia: kifungu hicho kinahusu kuondoa rehani, yaani kulipa deni lote. Malipo ya sehemu, zile elfu kumi kumi, yanaongozwa na mkataba wako. Benki nyingine inaweza kuweka kiwango cha chini cha malipo ya ziada, nyingine ikaruhusu mara chache kwa mwaka, nyingine ikakutaka ujaze fomu kila mara. Uliza mambo hayo matatu kwa maandishi ukiwa bado unatafutiwa mkopo. Wakati huo afisa anakuhitaji wewe kuliko unavyomhitaji yeye.

Nimeongeza pesa kwenye akaunti ya mkopo, lakini taarifa ya mwezi haionyeshi mabadiliko. Imeenda wapi?

Yaelekea imekaa tu, ikingoja kukatwa kama rejesho la mwezi ujao na wa baadaye. Mfumo wa benki haujui nia yako. Pesa iliyokaa hivyo haipunguzi riba hata senti.

Andika barua au barua pepe kila unapoweka pesa ya ziada. Maneno haya yanatosha: "Kiasi hiki kitumike chote kupunguza deni la msingi leo. Rejesho la mwezi libaki lilivyo. Muda wa mkopo ufupishwe. Naomba jedwali jipya la marejesho." Jedwali jipya ndilo ushahidi. Kama halijaja kwa wiki mbili, fuatilia. Kwa malipo ya kila mwezi, agizo la kudumu la benki ni bora kuliko ahadi unayojipa mwenyewe tarehe 28, ila hakikisha agizo lile linaelekezwa kwenye deni la msingi pia.

Riba yangu inabadilika. Nipangeje?

Kwanza jua inavyobadilika. Mwaka 2024 ulifunguka vibaya: Februari, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na marejesho ya watu wengi yakapanda. Kuanzia Agosti mwaka huo kilianza kushushwa kidogo kidogo, na kufikia Juni 2025 kilikuwa asilimia 9.75. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 84, inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba, iwe inapanda au inashuka. Ziweke notisi hizo kwenye faili.

Hatari inayosahaulika ni hii. Benki nyingine, riba ikipanda, hukuachia rejesho lile lile na kurefusha muda. Unaona kama umehurumiwa. Kwenye mfano wetu, deni la milioni 4.89 kwa riba ya asilimia 15.5 linazaa riba ya zaidi ya shilingi 63,200 kwa mwezi. Rejesho lako ni 62,176. Maana yake unalipa kila mwezi na deni linaongezeka. Riba ikipanda, uliza swali moja tu: "Rejesho langu la sasa linapunguza deni la msingi kwa shilingi ngapi?" Jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza rejesho hata kama hujalazimishwa.

Riba ikishuka, usikubali rejesho lishuke nayo. Tuseme baada ya miaka miwili riba inashuka kutoka 14 hadi 12.5. Rejesho jipya lingekuwa kama 57,067. Ukiendelea na 62,176 uliyozoea, miezi 216 inakuwa 166 hivi. Umekata miaka minne bila kugusa bajeti ya nyumbani. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopotezwa na wengi, kwa sababu nafuu ya elfu tano humezwa na matumizi kabla hujaiona.

Je, si bora niweke pesa ya ziada kwenye MMF au hati za dhamana za serikali?

Linganisha kitu kimoja: unachobaki nacho baada ya kodi, dhidi ya riba ya mkopo wako. Mapato ya mfuko wa soko la fedha, yaani MMF, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Mfuko unaotoa asilimia 10 unakuachia 8.5. Kuulipa mkopo wa asilimia 14 ni sawa na kupata asilimia 14 bila kodi na bila wasiwasi, na ili MMF ifikie hapo ingebidi itoe kama 16.5. Kwa mkopo wa riba hiyo, MMF ni mahali pa akiba ya dharura, si mshindani.

Hati za dhamana za miundombinu ni habari nyingine, kwa kuwa riba yake haitozwi kodi. Februari 2024 serikali iliuza moja yenye riba ya asilimia 18.46. Aliyekuwa na mkopo wa nyumba wa asilimia 9.5 na akaweka pesa yake huko hakukosea hata kidogo. Nafasi kama ile haiji kila mwaka, na huja wakati nchi ina shida.

Nasikia nikimaliza mapema napoteza nafuu ya kodi. Kweli?

Nusu kweli. Ukiwa unaishi kwenye nyumba hiyo, riba unayolipa hutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilipanda kutoka 300,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa mwezi ni 30,000, na kwa mtu anayetozwa asilimia 30, ni nafuu ya shilingi 9,000. Mpelekee mwajiri nyaraka za mkopo ili nafuu ionekane kwenye mshahara, au idai kwenye iTax ukiwa na cheti cha riba kutoka benki. Wapo wanaolipa miaka bila kuidai kabisa, na hilo ni kosa ghali.

Sasa hesabu. Mwanzoni riba yako ni 58,333 kwa mwezi, karibu mara mbili ya kiwango kinachosamehewa. Ukipunguza deni kipindi hicho, hupotezi nafuu hata shilingi, kwa sababu bado unalipa riba ya kutosha kuijaza. Nafuu inaanza kupungua deni likishuka chini ya kama milioni 2.57. Kuanzia hapo kila shilingi unayolipa mapema inakuokolea asilimia 9.8, si 14. Kwa hiyo njia ya busara ni kukimbia kwa nguvu hadi hapo, kisha kutulia na kuangalia kama kuna mahali panapolipa zaidi.

Kulipa benki shilingi 100 ili serikali ikurudishie 30 si faida ya kujivunia.

Mkopo wangu ni wa KMRC, riba haifiki asilimia 10 na haibadiliki. Niharakishe?

Hapana, si kwa pupa. KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company) iliundwa mwaka 2018 kuzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe watu kwa riba nafuu. Kwa asilimia 9.5, milioni 4 kwa miaka 20 zina rejesho la kama 37,285. Ukitoa nafuu ya kodi, gharama halisi ya pesa hiyo iko karibu asilimia 6.7. Mkopo wa namna hiyo kwa shilingi ya Kenya ni mgumu kupata tena. Maliza kwanza mikopo ya simu, kadi na gari.

Niweke akiba ya dharura kwanza au nilipe mkopo?

Akiba kwanza. Miezi sita ya rejesho na chakula, na kwa aliyeajiriwa kwa mkataba, zaidi ya hapo. Shilingi ukishaiingiza kwenye deni la msingi hairudi. Huwezi kwenda benki kuomba ile 500,000 ya mwaka jana kwa sababu umepoteza kazi. Na aliyetangulia ratiba kwa kufupisha muda bado anadaiwa rejesho kamili mwezi ujao. Ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kukupa notisi. Sheria inakupa miezi mitatu ya kurekebisha, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza. Muda huo hupita upesi mno.

Nichukue mkopo wa Sacco nimalizie wa benki?

Mara nyingi watu huvutiwa na tofauti ya asilimia 12 na 14. Wanasahau kwamba mkopo wa Sacco hulipwa kwa miaka michache, kwa hiyo rejesho linapaa, na unabeba wadhamini, ambao ni wenzako kazini. Ikiwa kilichobaki benki ni kidogo na mshahara unabeba, sawa. Kumalizia milioni 4 kwa njia hiyo ni kuwaingiza wenzako kwenye matatizo.

Sitaki riba kwa sababu ya dini. Kuna kumaliza mapema?

Kuna, ila inategemea aina ya mkataba. Kwenye musharaka inayopungua, wewe na benki mnaimiliki nyumba kwa pamoja. Unalipa kodi ya pango kwa sehemu ya benki huku ukinunua hisa zake polepole. Ukinunua hisa nyingi mapema, kodi inashuka. Kwenye murabaha, benki imekuuzia kwa bei iliyokwisha kupangwa pamoja na faida yake, na punguzo la kulipa mapema ni hiari yake. Mwenye nia ya kumaliza mapema achague musharaka, na aulize bei ya hisa itakokotolewaje: kwa bei ya awali au kwa thamani ya nyumba ya siku hiyo. Mombasa na Nairobi kuna benki zinazotoa huduma hizi, na wanaouliza swali hilo kabla ya kutia sahihi ni wachache.

Nafanya kazi Qatar na nalipa nyumba ya nyumbani. Nifuate nini?

Thamani ya shilingi. Mkopo wako ni wa shilingi, mshahara si wa shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Riyali imefungwa kwa dola, kwa hiyo nawe uliguswa. Shilingi ikiwa dhaifu, huo ndio mwezi wa kutuma nyongeza. Tuma moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na maagizo ya maandishi uyatume wewe mwenyewe. Usimpe kaka kazi hiyo, hata awe mwaminifu namna gani. Mwaminifu naye hupatwa na shida.

Pesa yangu ya pensheni inaweza kusaidia?

Kanuni zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya mafao uliyokusanya, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Hiyo ni ya kununulia. Ukiitumia kuongeza malipo ya awali, unakopa kidogo tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo riba huumiza zaidi. Aliye na umri wa miaka 50 na kitu afikirie mara mbili.

Nanunua chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Kuna kitu cha kuokoa mwanzoni?

Ndiyo. Mnunuzi wa nyumba ya kwanza chini ya mpango huo amesamehewa ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida mjini ni asilimia 4 ya thamani. Wasionunua chini ya mpango huo wautengee pesa mapema, pamoja na wakili na mthamini, ili wasianze mkopo wakiwa na madeni ya pembeni.

Nimelipa shilingi ya mwisho. Imekwisha?

Bado. Benki ikupe barua ya kuthibitisha deni limeisha, kisha itie sahihi hati ya kuondoa rehani, na hati hiyo isajiliwe kwenye masjala ya ardhi. Kwa Nairobi, kazi hii hupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Ada za wakili na usajili huwa juu yako, kwa hiyo zitenge. Omba hatimiliki halisi, si nakala.

Halafu simamisha mambo mawili. Agizo la kudumu la benki, kwa maana benki haitakumbuka kulizima. Na bima ya maisha iliyofungwa na mkopo: kama ulilipia mwaka mzima na umemaliza Mei, dai sehemu iliyobaki. Bima ya moto usiikate. Hamisha tu jina la mnufaika kutoka benki kuja kwako.

Baada ya wiki chache, lipia utafutaji rasmi wa hatimiliki kama vile wewe ndiye unayetaka kuinunua. Ukikuta sehemu ya rehani bado ina jina la benki, mrudie wakili siku hiyo hiyo, na usimlipe salio lake hadi liondoke.